Kilima Ndani ya Bomba

Fundi wa maji ninayemkumbuka alianza kazi yake kwa kutembea. Bomba lilikuwa limepasuka chini, karibu na robine ya soko. Maji yaliruka kimo cha mtu, watoto wakacheza ndani yake, na watu wazima wote wakataka aanzie pale pale. Yeye akatazama mara moja, akaweka begi la vifaa chini ya mti, akaupanda mlima kwenda kufunga vali. Aliporudi alikuwa ameshika usukani wa ile vali. Alikuwa ameung'oa.

Kijana aliyekuwa akimsaidia akamwuliza, "Papa, mbona umekuja nao?"

"Huko juu kuna mtu ana kiu. Akikuta maji yamefungwa atafungua, na atadhani ametusaidia."

Akautia usukani katika mfuko wa koti, akafunga kifungo cha mfuko.

Haya yalikuwa upande wa Kalunguta, kati ya Butembo na Beni, katika nchi inayoteremka. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kilometa hamsini na kitu, na Butembo imekaa juu kuliko Beni kwa zaidi ya mita 500. Kwenye milima ya namna hii maji hayahitaji mashine. Chemchemi inajengewa kwa mawe na saruji pale inapotoka ubavuni mwa mlima, maji yanaingizwa katika bomba, nayo yanashuka yenyewe mpaka kijijini. Hakuna mafuta ya kununua wala umeme wa kusubiri. Nadhani ndiyo maana wengi huiona kazi hii kuwa nyepesi.

Lakini kila mita 10 za mteremko huongeza karibu bari 1 ya nguvu ndani ya bomba, yaani kama kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Tangi likiwa mita 60 juu ya robine, na robine ikafungwa, bomba la chini limebeba bari 6. Halijali kama limezunguka kilometa tano au limeshuka moja kwa moja, wala kama ni nene au jembamba. Linalohesabiwa ni kimo peke yake. Na maji yaliyosimama hayana kelele wala mtikisiko. Bomba lililojaa na bomba tupu, ukiyatazama yamelala mtaroni, ni ndugu wawili wasiotofautishika.

Mlima ukizidi urefu, wajenzi huweka njiani tangi dogo la kuvunja nguvu. Maji yanamwagika ndani yake, yanaonana na hewa, presio, kama wasemavyo mafundi huku, inarudi sifuri, safari inaanza upya. Bomba la plastiki lililoandikwa PN 10 limetengenezwa kubeba bari 10. Lishushe mita 150 bila tangi la kati, linaweza kukuvumilia mchana watu wanapochota, kisha lipasuke usiku, robine zote zikiwa zimefungwa na kilima kizima kimeliegemea. Kupasuka usiku kuna sababu yake, wala si uchawi wa jirani.

Vali imefungwa, usukani uko mfukoni. Bado hakushika msumeno. Alimtuma kijana akafungue tundu la hewa lililo sehemu ya juu, ndipo yeye akafungua vali ya kumwagia maji kule bondeni. Mpangilio huo niliuelewa baadaye. Maji yakitoka bila hewa kupewa njia ya kuingia, bomba huanza kufyonza. Linafyonza kupitia kila ufa, na nje ya ufa kuna tope la mtaroni, na ndani ya tope huweza kuwamo vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu. Kwa hiyo anayemwaga maji kwa pupa huweza kurudisha bomba zima lakini chafu.

Na Kalunguta haikuhitaji kufundishwa thamani ya maji safi. Ilikuwa miongoni mwa kanda za afya zilizoguswa na Ebola, katika mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua zaidi ya watu 2,200. Siku zile watu walinawa kwenye ndoo yenye klorini kabla ya kuingia kanisani, shuleni na zahanatini. Tuliwasifu madaktari na wauguzi, na walistahili. Maji ya kujaza ndoo hizo yalitoka mahali fulani, na kulikuwa na mikono iliyohakikisha yanafika.

Bondeni maji yakakoma kutoka. Kijana akasema limeisha. Mzee akashuka mtaroni, akasimama kando ya kiungo, si mbele yake, akageuza uso, akalegeza nati nusu mzunguko tu. Ikatoka sauti kama ya nyoka, kisha maji kidogo. Njia ya bomba hupanda na kushuka pamoja na ardhi, na kila pindo la chini huweza kuweka maji, kila nundu ikaweka hewa iliyobanwa. Akasubiri sauti iishe. Akalegeza tena. Nimewaona mafundi wengi wenye mikono hodari. Wanaojua kusimama kando ni wachache.

Kisha akapanua mtaro, jambo lililowakera waliokuwa wakingoja. Udongo ulikuwa umelowa, na mita moja ya ujazo ya udongo kama huo ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Hakutaka kuinama chini ya ukuta wake.

Alipoufikia mpasuko alikuta chanzo chake. Bomba lilikuwa la milimita 110 na hapo lilipinda kona, lakini nyuma ya kona hapakuwa na zege. Maji yanayogeuzwa njia husukuma kona itoke nje. Kwa bari 6, kona ya pembe mraba ya bomba la ukubwa huo husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 800, yaani mifuko 16 ya saruji imekaa juu ya kiungo kimoja kilichotiwa gundi. Aliyelaza bomba lile aliuachia udongo laini mzigo huo.

Akasafisha, akakausha, akapaka gundi, akasukuma huku akizungusha kidogo, akashikilia bila kuachia. Akamwaga zege nyuma ya kona, likaegemea udongo mgumu ambao haujaguswa na jembe. Mama mmoja aliyekuwa na bidoni mbili za lita 20 akamsogelea.

"Papa fundi, gundi hiyo imeshakauka."

"Mama, imekauka nje."

Gundi ilitaka siku nzima, na zege likataka zaidi. Siku tatu soko lilikosa maji. Watu walichota kwenye robine ya tangi, huko juu, wakateremka na bidoni mgongoni, wakinung'unika, na manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Presio ya watu ni nzito kuliko ya maji, na sijui kama mimi ningeihimili. Yeye aliwasalimu wote kwa heshima, wala hakupunguza hata saa moja.

Kijana alipendekeza bomba lijaribiwe kwa pampu ya upepo, wamalize haraka. Mzee akakataa katakata. Maji karibu hayabanwi kabisa; kiungo kikiachia, nguvu yao hukatika papo hapo. Hewa iliyobanwa ni kama springi: hujinyoosha kwa kishindo na kurusha vipande vya plastiki usoni mwa watu. Jaribio hufanywa kwa maji.

Siku ya nne akarudisha usukani mahali pake. Robine za chini zote zilikuwa wazi ili hewa ipate pa kutokea. Akafungua robo mzunguko, akangoja. Mwaka 1898 mtaalamu Nikolai Joukowsky wa Moscow alieleza kwa hesabu kishindo cha maji yanayosimamishwa ghafla: katika bomba la chuma, maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde yakikatwa mara moja huongeza zaidi ya bari 10. Katika plastiki kishindo hupungua, ila kipo. Mzee aliijua hesabu hiyo kwa kiganja. Robo mzunguko, kungoja, robo nyingine. Kule sokoni robine zikakohoa, zikatema maji meupe kama maziwa, kisha yakatakata, akina mama wakapiga vigelegele.

Hakuufukia mtaro. Alizungushia kona matawi ya miti ili mtoto asitumbukie, akaenda kulala. Alfajiri, kabla robine ya kwanza haijafunguliwa, kilima kikiwa kimeliegemea bomba usiku kucha, alishuka mtaroni na kitambaa kikavu. Akapangusa umande kwenye kiungo. Akachuchumaa, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akapitisha kidole chini yake, akakitazama kidole, akaomba koleo.