Msimbo Hupimwa Unapokwama

Anayepima msimbo wa programu huanza na yanayoonekana upesi: mistari imepangwa, majina ya vigeu yanasomeka, fankisheni ni fupi, na programu ikiendeshwa inatoa jibu. Hayo ni ya lazima, ila hayatoshi. Unadhifu siku hizi huletwa na zana zinazopanga mistari zenyewe, na kutoa jibu sahihi kwa data sahihi hakumshindi hata mwanagenzi. Fundi hujulikana kwa alichokiandalia siku mambo yatakapoharibika: faili halipo, mtandao umekatika, nambari imezidi nafasi yake, mtumiaji ameandika jina panapotakiwa umri. Usomaji uanzie hapo.

Ushahidi mkubwa uko Kourou, Guyana ya Ufaransa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5, katika safari yake ya kwanza, iliacha njia na kulipuka ndani ya dakika moja. Nambari ya desimali ya biti 64 ilikuwa imegeuzwa kuwa nambari kamili ya biti 16. Thamani ikazidi nafasi, na kompyuta ya uelekezaji ikajizima. Ile ya akiba ilikuwa imekwisha kujizima kwa sababu hiyo hiyo, maana zote mbili zilibeba programu moja. Msimbo ulirithiwa kutoka Ariane 4, ambako haukuwahi kuleta shida, tena sehemu iliyokosea haikuwa na faida yoyote kwa Ariane 5 ikishapaa. Walioandika hawakuwa wazembe. Walitambua vigeu 7 vyenye hatari, wakavikinga 4 na kuviacha 3 ili wasiilemee kompyuta. Tume ya uchunguzi ilibaini kwamba sababu za uamuzi huo hazikutajwa ndani ya msimbo wenyewe. Hapa lile swali la kila siku, kwamba maelezo yaandikwe lini na yaachwe lini, linapata jibu. Maelezo yanayosema kuwa mstari huu unaongeza moja ni takataka. Yanayosema kwa nini kigeu hiki hakikukingwa, na kwa kudhani roketi itakwenda vipi, yangemfanya mrithi wa msimbo asite.

Wapo watakaosema dawa ni kuchagua lugha nzuri. Hoja hiyo ina uzito. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare, aliyeingiza rejeo tupu (null), yaani lisiloelekeza popote, katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, aliliita mwaka 2009 kosa lake la dola bilioni, na lugha ya Rust imejengwa ili thamani inayoweza kukosekana isitumike kabla mwandishi hajasema itakuwaje ikikosekana. Sifa ya lugha ina thamani pale inapofanya usahaulifu uonekane, na kwa kipimo hicho lugha hazilingani. Hata hivyo programu ya Ariane iliandikwa kwa Ada, lugha kali kuliko nyingi. Kwenye Rust neno moja, unwrap, linatosha kuukwepa ukali huo. Kwenye Java mtu hulidaka kosa kisha akaacha mabano matupu. Kwenye Python huandika except na pass, basi. Mistari ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza, kwa sababu kosa likishamezwa hapo litajitokeza mbali, likiwa halifanani tena na chanzo chake.

Kanuni za uandishi nazo zipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Ubishi wa nafasi nne au mbili mwanzoni mwa mstari hauna maana ilmradi timu imekubaliana. Kuweka mabano kwenye kila sharti ni jambo jingine. Kasoro ya usalama ambayo Apple iliirekebisha Februari 2014 ilitokana na amri ya goto iliyorudiwa: ya pili haikufungwa na sharti lolote, ingawa ilisogezwa ndani kana kwamba imefungwa. Ukaguzi wa sahihi ya seva ukarukwa na fankisheni ikajibu kuwa yote ni salama. Jicho liliona mpangilio mzuri.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni kwamba msimbo uliojaa ukaguzi hausomeki, na wanaoandika kwa lugha ya Go, wakikagua kosa baada ya karibu kila wito, wanalijua hilo. Ni kweli, na kukagua kila kitu kila mahali ni dalili ya mwandishi asiyejua data yake inatoka wapi. Mjuzi hukagua mpakani, data inapoingia kutoka kwa mtu, faili au mtandao, kisha ndani huiamini. Kwa hiyo ukipewa msimbo usioujua, acha kwanza fankisheni kuu. Tafuta data inapoingilia, ifuate ikiwa mbovu, na uone kama programu inasimama au inaendelea kwa kubahatisha, na kama ujumbe inaoacha unamwezesha aliye zamu kujua la kufanya.