Kalamu ya Mtunza Kumbukumbu

Kwenye karatasi ya majibu ya FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, herufi H ikikaa pembeni ya WBC maana yake chembe nyeupe za damu zimepita kiwango. Mashine nyingi hupangiwa 4 hadi 11, yaani chembe 4,000 hadi 11,000 katika kila mikrolita moja ya damu. Mgonjwa akiiona H hiyo anaanza kuwaza kansa. Ndugu aliyemsindikiza anataka antibayotiki leo leo. Jirani, hata karatasi hajaiona, ameshasema ni UTI. Katika hospitali nzima yupo mtu mmoja ambaye kazi yake inamtaka aitazame namba hiyo na kunyamaza mpaka daktari aandike: mtunza kumbukumbu za afya, anayegeuza maneno ya daktari kuwa msimbo wa ugonjwa. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Tuseme daktari wa hospitali ya Rubya au Kagondo, wilayani Muleba, mkoani Kagera, ameandika kwenye faili neno moja tu, leukositosisi, maana yake chembe nyeupe zimezidi. Mtunza kumbukumbu anafungua ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Anaanza na juzuu ya tatu, ile ya alfabeti, analitafuta neno na kulikuta limeandikiwa D72.8. Mvivu huishia hapo. Anayeijua kazi anarudi juzuu ya kwanza kuhakikisha, kwa sababu makatazo yote yako huko. Kuna R72, msimbo wa kasoro za chembe nyeupe zilizokosa mahali pengine, ambao humvuta mtu mwenye haraka. Chini yake pameandikwa wazi kwamba leukositosisi haihesabiwi hapo, irudishwe D72.8. Na kama daktari alitaja kwamba zilizozidi ni eosinofili, aina mojawapo ya chembe hizo, msimbo ni D72.1. Orodha yenyewe, kwa wasiojua, ilianza na wafu: Mfaransa Jacques Bertillon aliiwasilisha Chicago mwaka 1893 ikiwa orodha ya sababu za vifo, na maradhi ya walio hai yakaingizwa mwaka 1948, Shirika la Afya Duniani lilipoichukua.

Sharti la kazi hii linalowashangaza wengi ni kwamba msimbo hautoki kwenye karatasi ya maabara. WBC iwe 19, iwe 40, daktari asipoandika utambuzi, mtunza kumbukumbu hana cha kuandika. Ananyanyuka na faili, anapiga hodi: "Samahani daktari, hii H umeionaje?" Kisha anasubiri.

Sababu ya sharti hilo iko kwenye damu yenyewe. Mama aliye leba anaweza kufikisha 20 akiwa mzima kabisa, na kichanga atakayemzaa naye akawa huko huko. Mwenye pumu aliyechomwa deksamethazoni jana, chembe zake zitapanda bila kidudu chochote mwilini. Mtoto mwenye selimundu, na Kanda ya Ziwa inao wengi, huwa nazo nyingi hata siku ambayo haumwi. Tena hicho kiwango cha 4 hadi 11 kimetokana zaidi na damu za watu wa Ulaya na Marekani, ilhali Waafrika wengi hurithi neutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikiwa chache bila kuwa na ugonjwa wowote. Kwa mtu wa namna hiyo 10.5, ambayo mashine inaipita bila alama, huenda tayari ni habari. Anayeweza kuyapima haya ni yule aliyemshika mgonjwa tumbo na kumsikiliza kifua. Karatasi haijui.

Ila kunyamaza si kulala. Chukua malaria, ugonjwa unaoijua Muleba vizuri, kiasi kwamba vyandarua vyenye PBO, kemikali inayoiongezea nguvu dawa ya mbu, vilijaribiwa huko na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2018. Malaria kwa kawaida haipandishi chembe nyeupe. Mara nyingi huziacha zilipo au huzishusha. Sasa faili linakuja: mtoto wa miaka mitatu, kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) chanya, WBC 22, utambuzi ulioandikwa ni malaria peke yake. Mtunza kumbukumbu hana ruhusa ya kuongeza nimonia kwa akili yake. Anayo ruhusa ya kuuliza. "Daktari, ni malaria tu?" Swali hilo la maneno machache linaweza kumrudisha daktari kitandani kwa mtoto, na mimi nalihesabu kuwa sehemu ya tiba, hata kama kwenye mshahara halionekani.

Hebu tutunge faili jingine. Mvuvi wa kisiwa cha Bumbile amevuka ziwa kuja hospitali. Tumbo linamsumbua miezi sasa. WBC 13.8, eosinofili asilimia 24. Siku ya kwanza daktari anaandika "eosinofilia, chanzo kinatafutwa", na msimbo unakuwa D72.1. Keshoye kipimo cha choo kinaonyesha mayai ya Schistosoma mansoni, kile kichocho cha tumbo kinachowaandama wavuvi wa Ziwa Victoria. Msimbo: B65.1. Je, D72.1 inakwenda wapi? Inabaki kwenye ukurasa wa siku ile ilipoandikwa, lakini haibebwi kwenye utambuzi wa mwisho, kwa kuwa eosinofili zile zilikuwa dalili ya kichocho, na dalili iliyokwisha kupata mwenyewe haihesabiwi mara ya pili. Nakiri napenda hatua hii kuliko zote. Namba ya jana ilikuwa kweli jana. Leo kinajulikana zaidi, na kalamu inakwenda na kinachojulikana, haikitangulii wala haikisahau.

Kagera ina sababu zake za kuiheshimu kazi hii. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Dunia ilikuwa ikitumia ICD-9, iliyotungwa kabla ugonjwa huo haujafahamika, na hapakuwa na namba yake. Mitaani watu waliuita Juliana. Kwenye orodha palikuwa na kuhara, kukonda, homa, kifua kikuu: kila neno la kweli, na hata yakijumlishwa yote hayakusema kilichokuwa kinaua watu. Misimbo B20 hadi B24 ilikuja na ICD-10, iliyoidhinishwa mwaka 1990. Kufikia hapo makaburi mapya kwenye migomba ya Kagera yalikuwa mengi mno.

Miaka arobaini baada ya Ndolage, Machi 2023, watu wakaanza kufa katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini. Siku za kwanza serikali ilisema ni ugonjwa usiojulikana, na ilisema kweli. Hata hali hiyo ina msimbo, R69, kwa maradhi ambayo chanzo chake hakijajulikana. Tarehe 21 Machi ikatangazwa kuwa ni ugonjwa wa virusi vya Marburg: A98.3. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6. Marburg mwanzoni hushusha chembe nyeupe, kwa hiyo aliyekuwa akiitegemea H imwonye angengoja bure. Lakini safari hii namba ilikuwepo tayari, kwa sababu wagonjwa wa kwanza wa virusi hivyo, mwaka 1967 katika miji ya Marburg, Frankfurt na Belgrade, waliandikwa vizuri na watu waliojali kuandika.

Siku hizi msimbo una pesa ndani yake. Fomu ya madai ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ina nafasi ya msimbo wa utambuzi wa awali na wa mwisho, na hapo ndipo kalamu inapojaribiwa. Mgonjwa amechomwa sindano za antibayotiki siku tano, D72.8 peke yake haielezi kwa nini, na mtu wa dirisha la bima anajua kwamba nimonia ingeeleza. Kuandika nimonia ambayo hakuna daktari aliyeiona ni wizi, na ubaya wake hauishii kwenye fedha: ugonjwa huo wa uongo unaingia kwenye hesabu za mkoa, na mwakani dawa zinaagizwa kwa ajili yake. Wamarekani wamejaribu kuibana njia kwa kurefusha namba, mpaka chembe nyeupe nyingi zisizoainishwa kwao zina msimbo wake peke yake, D72.829. Sina ugomvi na urefu huo. Bado tarakimu mbili za ziada haziwezi kusema jambo ambalo daktari hakuliandika.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa madaktari na matabibu wa Bukoba na Muleba. Andikeni utambuzi kwa maneno kamili na kwa mwandiko unaosomeka. Kama hamjajua chanzo, andikeni kwamba hamjajua. Msimbo wake upo. Na mtunza kumbukumbu akipiga hodi na faili mkononi, msimwambie arudi kesho.