Mtaro, Diwani na Mwezi wa Julai

Habari za madiwani wetu wa Mjini hutufikia kwa sura ileile: diwani ashiriki usafi wa mtaa, diwani akabidhi mipira kwa vijana, diwani atembelea skuli. Ni kazi njema na zinastahili kutangazwa. Lakini msomaji hubaki hajui lililo kubwa zaidi. Mtaro uliokuwa umeziba ulizibuliwa vipi? Kwa fedha za nani? Mwakani atauzibua nani?

Nachagua mtaro kwa sababu Unguja Mjini mvua ndiyo mtihani wa kila mwaka. Pale Darajani zamani palikuwa na hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Likafukiwa kidogo kidogo, barabara ikapita juu yake na maduka yakajengwa, lakini bonde lenyewe halikuondoka, na maji ya masika hulifuata. Ndani ya Mji Mkongwe mambo ni magumu zaidi. Vichochoro ni vyembamba, mifereji mingi iko chini ya ardhi na huishia baharini, na rundo moja tu la kifusi cha ukuta ulioporomoka linatosha kuyarudisha maji mpaka ukumbini mwa watu. Yakituama, kuta za mawe na chokaa huyanyonya, unyevu ukapanda, na ncha za boriti zilizozama ukutani zikaanza kuoza. Kwa hiyo mtaro ulioziba Mkunazini au Kiponda hauleti mbu peke yake. Unaidhoofisha nyumba, katika mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Sasa mwananchi amlilie nani? Wa kwanza ni sheha, aliye karibu na mlango wake. Sheha wa Zanzibar hachaguliwi kwa kura kama mwenyekiti wa mtaa wa Tanzania Bara. Huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, na hesabu ya kazi yake huitoa huko juu. Mwakilishi na mbunge wamechaguliwa, na kila mmoja ana mfuko wa maendeleo ya jimbo, lakini vikao vyao vinatunga sheria na kusimamia serikali. Maji ya bomba ni ya Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA). Kuchimba au kujenga ndani ya eneo la hifadhi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nyumba iliyomwaga kifusi huenda ikawa ya Kamisheni ya Wakfu. Katika msururu huo, aliyepigiwa kura na wadi na pia ana kiti ndani ya chombo chenye jukumu la usafi na mitaro ni diwani peke yake, kupitia Baraza la Manispaa linaloendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya mwaka 2014.

Wengi watasema mitaro imejengwa na Serikali Kuu kwa mikopo, diwani hakuwa na neno. Ni kweli kwa nusu. Mradi wa Huduma za Jamii Mijini, tunaouita ZUSP, uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2011 kwa dola milioni 38, na mwaka 2016 ukaongezewa dola milioni 55. Ndio uliojenga ukuta wa bahari wa Mizingani, mitaro mikubwa ya Ng'ambo, taa za barabarani na jaa la kisasa la Kibele. Usanifu ulikuwa wa wahandisi na mikataba ilikuwa ya wizara. Lakini mradi una siku ya kufungwa. Siku ile mkandarasi anapoondoka, mtaro hubaki na mtu wa kuufagia, na mtu huyo hulipwa kutoka bajeti ya Baraza, yenye ada za masoko, leseni za biashara na maegesho. Kujenga kulihitaji mkopo. Kutunza kunahitaji kifungu cha matumizi kinachopitishwa kila mwaka, na hapo hapana wa kumsingizia.

Kwa maoni yangu hapa ndipo tunapokosea, nalo ni kosa la kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi. Masika hunyesha Machi hadi Mei. Mwananchi hulalamika Aprili, maji yakiwa magotini, wakati bajeti inayotumika imebakiwa na miezi miwili na makadirio ya mwaka unaofuata yamekwisha kuandikwa. Diwani akija siku hiyo na koleo na viatu vya mpira, anafanya la kiutu na namshukuru, lakini amechelewa. Picha itatoka gazetini, na masika yajayo atarudi palepale.

Diwani anayeijua kazi huanza kwenye vuli, Oktoba hadi Desemba, mvua ndogo zinapoonesha mapema wapi maji yanasimama. Anapita na sheha na fundi wa manispaa, wanaandika kila mfereji kwa jina la kichochoro, na pale pa hifadhi wanaiita Mamlaka ya Mji Mkongwe mapema ili kibali kisiwe kisingizio. Kisha anaingia kwenye kamati ya Baraza na karatasi, si na malalamiko, na kuhakikisha yale maandishi yanageuka fedha. Mkurugenzi wa manispaa ni mwajiriwa wa serikali na ndiye mtendaji. Bila kifungu kilichopitishwa hata akitaka hawezi kulipa. Kikao cha robo mwaka kinachofuata ndicho cha kumuuliza kilichotumika. Kazi hiyo haina mpiga picha, na ndiyo inayozibua mtaro.

Madiwani wa sasa wametokana na uchaguzi wa Oktoba 2025, kwa hiyo wana bajeti kadhaa mbele yao. Ewe mkaazi wa Shangani, Malindi au Kiponda, usingoje Aprili. Vuli ikinyesha, andika barua, itaje njia na mfereji, mkabidhi diwani wako nakala na ubaki na nakala yako. Julai ikifika, nenda ukamuulize kifungu kimeingia au hakikuingia.