Chujio la miezi 12: kuingia na kubaki kwenye shahada ya uuguzi ya haraka Marekani

Tangazo husema miezi 12, mara nyingine 16, na chini yake kuna picha ya binti mwenye sare ya bluu anayecheka. Kwa Mtanzania au Mkenya aliyeko Minnesota au Texas, mwenye shahada ya biashara aliyokuja nayo kutoka nyumbani na kazi ya kuhudumia wazee usiku, tangazo hilo lina uzito. Shahada ya uuguzi pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ni miaka minne, na Marekani kwa anayetoka sekondari ni minne vilevile. Ila mwenye shahada ya kwanza ya fani yoyote anaweza kupita njia fupi iliyo halali kabisa, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Saint Louis mwaka 1971 na ambayo sasa inapatikana karibu kila jimbo. Wanaoiomba ni wengi. Wapo wanaokataliwa mwaka hadi mwaka, na wapo wanaoingia wakatolewa muhula wa kwanza, wakabaki na deni bila cheti.

Sababu inayotajwa vijiweni ni ugumu wa masomo. Siikubali sana. Mtu aliyemaliza uhasibu hashindwi kuelewa jinsi figo inavyochuja damu. Anachoshindwa ni kuelewa chuo kinatafuta nini, na hilo utaliona ukiisoma programu kutoka mwisho kuja mwanzo.

Mwisho wake ni NCLEX-RN, mtihani wa leseni. Unafanyika kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo inakupima swali kwa swali: ukipatia, linalofuata linakuwa gumu zaidi, ukikosa, linalegea kidogo. Tangu Aprili 2023 maswali ni kati ya 85 na 150, na muda ni saa tano. Aliyefeli anaruhusiwa kurudi baada ya siku 45. Chuo chenyewe hakina pa kurudia, kwa sababu kinachohesabiwa upande wake ni asilimia ya wahitimu waliofaulu mara ya kwanza. Bodi za uuguzi za majimbo huchapisha asilimia hiyo, kila chuo na yake, hadharani. Chuo kikishuka chini ya kiwango cha jimbo, ambacho katika majimbo kadhaa ni asilimia 80, kinawekwa chini ya uangalizi, na kikiendelea hivyo kinaweza kunyimwa ruhusa ya kupokea wanafunzi.

Kwa hiyo kila kizingiti utakachokutana nacho, kuanzia fomu ya maombi hadi jaribio la mwisho wa muhula, ni chujio linalouliza jambo moja: huyu atafaulu NCLEX mara ya kwanza? Mwalimu anaweza kukupenda na bado akakuangusha. Afadhali kwake upungue darasani kuliko uende ukafeli huku jina la chuo likiwa juu ya karatasi yako.

Tuje kwenye maombi. Kabla ya kufikiriwa unatakiwa uwe na masomo ya awali: anatomia na fiziolojia sehemu mbili pamoja na maabara, mikrobiolojia, mara nyingi kemia, takwimu, saikolojia ya ukuaji wa binadamu, wakati mwingine lishe. Mwenye shahada ya biashara au sheria hana karibu yote hayo. Atayasoma kwenye chuo cha jamii, jioni, kwa mwaka mmoja au zaidi. Na masomo ya sayansi huchacha: vyuo vingi havikubali yaliyopita miaka mitano au saba, hata kama ulipata A. Ndiyo maana hiyo miezi 12 ya kwenye tangazo ni sehemu tu ya safari, na anayepanga fedha kwa miezi 12 ameshakosea hesabu.

Kisha kuna wastani wa alama, GPA, ambao kwa kawaida haupaswi kupungua 3.0 kati ya 4. Hapa watu wetu huingiwa na hofu isiyo na sababu. Tanzania GPA ya chuo kikuu hupimwa kwa 5, na A huanzia 70. Mtu huchukua 3.2 yake ya kati ya 5, akaigawa mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, akapata namba ya kusikitisha, akaacha kuomba. Mashirika ya kutathmini vyeti, kama World Education Services, hayafanyi hivyo. Yanaangalia kila somo kwa mizani ya nchi lilikosomewa, hivyo 62 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haichukuliwi kama 62 ya Marekani. La msingi ni kuagiza ripoti ya somo kwa somo. Ile ya bei nafuu inathibitisha tu kwamba una shahada, na ofisi ya udahili haiwezi kuitumia kukokotoa chochote. Anza mapema kufuatilia matokeo kule ulikosoma, maana lazima yatumwe na chuo chenyewe, na ndugu wa kwenda kukukumbushia pale kwa msajili ana thamani kuliko barua pepe kumi.

Ikiwa GPA ya zamani kweli ni dhaifu, bado kuna njia. Vyuo vingi hukokotoa wastani wa pili wa masomo ya awali ya sayansi peke yake, na uzito wake ni mkubwa, kwa sababu anatomia uliyosoma mwaka jana inatabiri NCLEX vizuri kuliko uchumi uliosoma ukiwa na miaka 20. Ila uliza kabla ya kurudia somo: vipo vyuo vinavyohesabu alama zote mbili, ya zamani na mpya.

Jaribio la kuingilia ni TEAS kwa vyuo vingi, HESI kwa vingine. TEAS ina maswali 170 kwa dakika 209: kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Kila swali linapata kama sekunde 74. Hesabu zake ni za kidato cha pili. Kinachowaangusha wasomi wa Afrika Mashariki ni saa, kwa kuwa tumekulia mitihani ya insha, ambako mtu hupewa muda wa kutafakari na kupamba jibu. Dawa yake ni kufanya majaribio kamili huku saa inakimbia, tena na tena, hadi mwendo uzoeleke.

Na ukiona mtu anakuahidi cheti bila vizingiti hivi, kimbia. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani walifungua kesi dhidi ya watu 25 kuhusu zaidi ya diploma 7,600 za uuguzi za bandia zilizotoka vyuo vitatu vya Florida. Baadhi ya walionunua walifaulu NCLEX, na leseni zao bado zilifuatiliwa. Hakikisha chuo kina idhini ya bodi ya jimbo na ithibati ya CCNE au ACEN.

Makaratasi ya afya nayataja kwa jambo moja tu linalotuhusu sisi. Hutaruhusiwa kuingia wodini bila kipimo cha kifua kikuu, na wengi wetu tulichomwa BCG utotoni. Kipimo cha ngozini kinaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukaanza kuzungushwa kwenye eksirei na barua za daktari wakati wenzako wameshaanza mafunzo. Omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG.

Fedha. Ruzuku ya Pell haitolewi kwa mwenye shahada tayari, hata iwe ya Dodoma. Kwa mwenye kadi ya kijani inabaki mikopo ya serikali kuu, ambayo kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayejitegemea ina kikomo cha dola 57,500 kwa maisha yote, na kila mwaka una kikomo chake. Ada ya vyuo binafsi inaweza kuumaliza mkopo wa mwaka kabla hujalipa kodi ya nyumba. Mwenye viza ya mwanafunzi hana hata huo. Upo ufadhili wa Nurse Corps wa serikali, kwa raia na wakazi wa kudumu, unaolipa ada kwa sharti la kufanya kazi angalau miaka miwili kwenye kituo chenye uhaba wa wauguzi. Ushindani ni mkali, lakini fomu haigharimu kitu.

Sasa kubaki. Aliyesoma Tanzania anajua sapu (mtihani wa marudio), anajua keri (kubeba somo hadi mwaka unaofuata), anajua disko (kuondolewa chuoni). Kwenye programu hii sapu hamna. Alama ya kufaulu kwenye vyuo vingi vya uuguzi ni kati ya 75 na 78, na 76.9 haipandishwi kuwa 77. Tena kwa kawaida wastani wa mitihani pekee ndio lazima ufike hapo kwanza. Kazi za nyumbani na mawasilisho ya kikundi haviwezi kukuokoa. Fikiria mtu ambaye maisha yake yote 70 ilikuwa A na anakuja mahali ambapo 74 ni kufeli. Ukianguka somo moja unasubiri hadi kundi linalofuata, pengine mwaka mzima. Ukianguka mawili, ni disko.

Maswali yenyewe nayo ni ya namna nyingine. Chukua mfano huu. Unaanza zamu na una wagonjwa wanne: mwenye kisukari, sukari 240; aliyefanyiwa upasuaji wa goti, maumivu nane kati ya kumi, analia; mwenye moyo ulioshindwa, aliyekuwa ametulia jana na sasa anahangaika kitandani na kupumua mara 30 kwa dakika; na anayesubiri karatasi za kuruhusiwa. Nani wa kwanza? Huruma inakupeleka kwa anayelia. Jibu ni wa tatu, kwa sababu kuhangaika kwa ghafla pamoja na kupumua mbio ni dalili kwamba hewa haitoshi, na hewa huja kabla ya maumivu. Unaweza kukariri kurasa 900 za kitabu ukalikosa swali hili, maana hali zote nne unazijua. Unachopimwa ni mpangilio.

Halafu kuna hesabu za dawa, jaribio fupi ambalo vyuo vingi hutaka upate 90 au hata 100, na nafasi za kulirudia ni chache. Agizo: heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, uniti 18 kwa kila kilo kwa saa. Mfuko una uniti 25,000 ndani ya mililita 500. Mgonjwa ana uzito wa 165. Pampu uiweke ngapi? Sisi tuliokulia kilo tunaiona 165 na mkono unaanza kuzidisha. Lakini hizo ni paundi. Gawanya kwa 2.2 upate kilo 75. Mara 18 ni uniti 1,350. Kila mililita ina uniti 50. Jibu ni mililita 27 kwa saa. Aliyesahau paundi anapata 59.4, zaidi ya mara mbili, na mgonjwa halisi angevuja damu. Kosa la namna hii mwalimu halipi hata nusu ya alama, na ninaona ana haki.

Wodini kuna mtego mwingine, na huu ni wa malezi. Mwanafunzi hutakiwa kuripoti mabadiliko kwa utaratibu wa sehemu nne uitwao SBAR: hali ilivyo sasa, historia, tathmini yako, na unachopendekeza. Tatu za kwanza tunazimudu. Ya nne inatukwama kooni, kwa kuwa tumefundishwa kwamba mdogo haambii mkubwa la kufanya. Mwanafunzi anasema oksijeni ya mgonjwa imeshuka kutoka 95 hadi 88, alipasuliwa tumbo jana, pafu la kulia linakwaruza, kisha ananyamaza kwa adabu. Mkufunzi anaandika kwenye fomu: hana uamuzi. Kumbe uamuzi alikuwa nao. Ilibaki sentensi moja tu: naomba uje umuone sasa.

Kuhusu kazi, vyuo hushauri usifanye kabisa, na ushauri huo umeandikwa na watu wasio na mama anayesubiri hela ya dawa Moshi. Wanaovuka, kwa nilivyowaona, huweka akiba kwanza, kisha hubaki na zamu za wikendi za kuitwa wanapohitajika, na hutangaza mapema kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba michango ya harusi mwaka huu isiwahesabu. Anayeendelea na zamu tano za usiku huwa anaanguka karibu na wiki ya sita, mitihani ya kwanza inapolundikana.

Na ukianguka mtihani wa kwanza, usikimbilie kununua kitabu kingine. Omba kuuona mtihani wako. Vyuo vingi huruhusu kwa muda mfupi na mbele ya mwalimu. Pitia kila ulilokosa na uligawe: hili sikulijua, hili nilisoma swali vibaya, hili nilikuwa na jibu sahihi nikalifuta. Aliyejaza fungu la kwanza arudi kwenye sura husika. Aliyejaza la pili anahitaji maswali 50 kila siku, akieleza kwa sauti kwa nini majibu matatu mengine si sahihi, na ikiwezekana mbele ya mwenzake wa darasani ambaye hatamwonea haya kumkatiza.