Kabla ya Katavi: kazi iliyofanyika chini ya gari la kulala

Watu wengi wanapoamua kwenda mbali na gari kuukuu, kitu cha kwanza wanachonunua ni shokapu. Nne mpya, rangi inang'aa, zinafungwa asubuhi moja, na gari linatoka gereji likiwa na sura ya kujiandaa. Mimi nashikilia kwamba shokapu zinapaswa kununuliwa mwisho, na gari nililofuatilia matengenezo yake Arusha mwanzoni mwa kiangazi linaonyesha kwa nini.

Ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, ile ambayo mitaani inaitwa mkonga. Ilibeba watalii miaka mingi, kisha familia moja ikaigeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko na friji ubavuni, tangi la maji chini ya kabati, hema juu ya keria. Safari yenyewe ni Arusha hadi Hifadhi ya Katavi, kupitia Singida, Tabora na Mpanda. Toleo hili lina springi za mabamba mbele na nyuma, kwani springi za koili kwa magurudumu ya mbele zilikuja mwaka 1999 kwenye matoleo mazito ya mfululizo wa 70. Kwa hiyo kila kitu kinachobeba gari ni chuma kilicholazwa juu ya chuma, na raba kidogo kwenye maungio.

Tofauti ya gari la kulala na gari jingine ni moja tu, lakini ni kubwa: mzigo wake haushuki. Lori la mahindi hushusha magunia Kibaigwa likarudi tupu, na springi zake zikapata nafasi ya kujikunja upya. Gari la kulala hubeba kabati, betri na godoro hata likiegeshwa uani mwezi mzima. Raba za bushi zinabonyea upande uleule usiku na mchana mpaka zinasahau umbo lake, na springi inayokaa karibu kunyooka inabaki na nafasi ndogo ya kupokea shimo. Ukifunga shokapu mpya juu ya hali hiyo, umeipa kazi ambayo haikuumbiwa. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mdundo wa springi, na kama springi imelala, shokapu haina cha kutuliza.

Ndiyo maana kazi ilianzia mizanini, gari likiwa limejaa kama litakavyosafiri. Ekseli ya mbele ilipimwa peke yake, kisha ya nyuma. Hesabu ya mezani nayo inasaidia. Matangi mawili ya dizeli yenye jumla ya lita 180 yana kilo 150 hivi, maji lita 100 ni kilo 100, tairi mbili za akiba na rimu zake hazipungui kilo 70. Hizo ni zaidi ya kilo 300 kabla hujahesabu hema, friji wala mtu, na karibu zote ziko nyuma ya kiti cha dereva. Kiwanda kiliandika uzito wa juu kwenye kibati cha gari, na kibati hicho ndicho cha kusikilizwa. Hapa vitu kadhaa vilishushwa bila mjadala, likiwemo jiko la pili la gesi.

Baada ya mizani ikafuata futi. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kila gurudumu. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Nyuma kulia kulikuwa chini kuliko kushoto. Mafundi wengi wangeongeza bamba upande huo na kumaliza. Fundi wa gari hili alifungua kabati kwanza, akakuta jiko, tangi la maji na betri ya pili vyote viko kulia. Betri ilihamishiwa kushoto na tangi likasogezwa katikati, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Tofauti ikapungua sana bila spana kugusa springi.

Bado sehemu yote ya nyuma ilikuwa imelala, na hapo bamba lilihitajika kweli. Kuna jambo ambalo si kila anayeongeza bamba analijua: ugumu wa bamba hupanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Bamba la milimita 8 halizidi la milimita 7 kwa sehemu ndogo kama jicho linavyodhani. Ni gumu karibu mara moja na nusu. Ndiyo sababu gari linaloongezwa bamba nene bila hesabu linarusha abiria kama punda. Lakini mzigo usioshuka, ambao ndio ulioichosha springi, una faida yake hapa. Kwa kuwa uzito haubadiliki, springi inaweza kuchaguliwa kwa uzito huohuo, jambo ambalo mwenye pikapu ya biashara hawezi kulifanya. Walichagua seti nzima iliyokunjwa kwa uzito uliotoka mizanini, wakaacha kuchanganya mabamba mapya na machovu.

Za mbele zilirudi zilezile, ila baada ya kukaguliwa. Mbinu ni ya zamani na ni rahisi: safisha bamba kuu kwa brashi ya waya, lipake mafuta ya taa, lifute likauke, kisha lipake unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Angalia zaidi kwenye jicho la bamba na kuzunguka tundu la senta bolti, kwa sababu huko ndiko chuma hukatikia.

Na senta bolti ikikatika, usiilaumu. Kazi yake ni kuonyesha ekseli ikae wapi; inayoshika ni nguvu ya yu-bolti. Zikilegea, ekseli inaanza kuteleza na kuikata senta bolti, na gari linaanza kwenda upande kama linalokwepa kitu. Yu-bolti zote zilitupwa zikawekwa mpya, kwa kuwa ile iliyokwisha kukazwa kwa nguvu imevutika tayari. Bushi mpya za raba nazo zina sharti: nati za shakeli zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo ndani. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, raba inashikwa ikiwa imepinda, na kila gari linaposhuka inajisokota mpaka inachanika mapema.

Sasa nifike kwenye kitu kilichonifanya niandike uchambuzi huu. Nyuma ya gari kuna valvu inayogawa nguvu ya breki, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Inapima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani: bodi ikiwa chini, inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi, bodi ikiwa juu, inazipunguza ili magurudumu mepesi yasigande. Ukiweka springi mpya zinazoinua bodi, valvu inaamini gari ni tupu. Umebeba nyumba nzima, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari lisilo na kitu. Za mbele zinabeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo wa kusimamisha na kupata moto kwenye mteremko. Nimeona magari yaliyoinuliwa na hakuna aliyeigusa fimbo hiyo, na nasema wazi kwamba kazi ya springi isiyoishia kwenye valvu hii ni hatari. Hapa urefu wa fimbo ulirekebishwa kwa kufuata kitabu cha gari, kisha breki zikajaribiwa kwenye uwanja mtupu, mzigo ukiwa ndani.

Shokapu zilikuja baada ya hayo yote, za gesi. Barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi ndiyo inayozichosha. Chukua mawimbi yaliyoachana sentimita 75 na mwendo wa kilomita 60 kwa saa: kila gurudumu linapigwa mara 22 hivi kwa sekunde. Shokapu hugeuza mipigo hiyo kuwa joto, mafuta ndani yanatoa povu, na povu halitulizi kitu. Gesi yenye shinikizo huchelewesha povu, haiondoi joto. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza mwendo, na upepo wa tairi kidogo unapoiacha lami, kwa kuwa tairi ndiyo springi ya kwanza.

Ukisimama njiani, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuishika. Iliyo baridi wakati wenzake ni moto imekufa.

Safarini, gari lilipofika Singida, nati za yu-bolti za nyuma zilikubali kukazwa robo ya mzunguko, kama inavyotarajiwa mabamba mapya yakikaliana. Tabora zilipimwa tena kwa toki renchi na hazikusogea.