Kufungasha Virago: Sitiari ya Mtoano Ikisomwa kutoka Goma

1.0 Utangulizi

Lugha ya kutangaza mpira ni miongoni mwa matawi ya Kiswahili ambayo wahakiki wameyapa kisogo. Istilahi zake, kama vile penalti, kona na fainali, zimewahi kujadiliwa. Lakini tamathali zake, ambazo ndizo zinazoipa ladha, aghalabu huachwa zipite kana kwamba ni mapambo tu. Makala haya yanachunguza msemo mmoja, kufungasha virago, unaotumiwa timu inapotolewa katika mashindano ya mtoano. Mfano unachukuliwa kutoka msimu wa 2020/2021 wa Kombe la Shirikisho la Tanzania, na msemo wenyewe unasikilizwa kutoka Goma, mji wa Kivu ya Kaskazini.

Uchaguzi huo una sababu mbili. Kwanza, Kiswahili cha redio na magazeti ya Tanzania huvuka mipaka, na mpira wa Tanzania nao una Wakongo ndani yake: msimu huo Mukoko Tonombe na Tuisila Kisinda walichezea Yanga, na Chris Mugalu alichezea Simba. Pili, majuma ambayo timu zilikuwa zikitoana Tanzania ndiyo majuma ambayo wakazi wa Goma walifunga mizigo yao kwa maana halisi ya maneno hayo.

2.0 Asili ya Msemo

Kirago ni mkeka wa nyasi au matete ambao wasafiri waliutumia kulalia. Kutokana nao lugha ilipata misemo miwili inayokwenda sambamba: kupiga kirago, yaani kutua na kufanya kambi, na kufunga virago, yaani kuvunja kambi na kuondoka. Misemo yote miwili ni ya njia ya misafara. Katika karne ya 19 njia hiyo ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Maniema. Kwa njia hiyo hiyo Kiswahili kiliingia Kongo, kabla ya misheni na utawala wa Kibelgiji kukieneza zaidi.

Kombe la 2020/2021 lilipita sehemu ya njia hiyo. Katika nusu fainali za mwezi Juni, Yanga iliitoa Biashara United mjini Tabora, na Simba ikaitoa Azam mjini Songea. Fainali ilichezwa Kigoma, jirani ya Ujiji, tarehe 25 Julai 2021, katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Mukoko alitolewa kwa kadi nyekundu katika kipindi cha kwanza, na Simba ikashinda 1–0 kwa bao la Mganda Taddeo Lwanga. Timu na mashabiki walisafiri masafa marefu kuifuata fainali hiyo, na katika muktadha kama huo virago si neno geni. Timu iliyoshindwa hukusanya vifaa vyake na kupanda gari.

3.0 Maelekeo Matatu

Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuuliza swali ambalo kamusi hailiulizi: mwenye kufungasha virago anaelekea wapi?

Msafiri wa msafara alifunga virago ili aendelee mbele. Kambi haikuwa kwake. Ilikuwa kituo tu. Timu iliyotolewa hufungasha virago ili irudi nyumbani. Aibu ipo, lakini nyumba ipo pia, na mwakani droo itapangwa upya na kila timu itaanza sawa na nyingine. Msemo huu unachekesha viwanjani kwa sababu adhabu yake ni ndogo: aliyeshindwa anaambiwa aende kwao.

Goma inaugeuza mwelekeo huo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na lava ikashuka hadi kwenye viunga vya mji. Tarehe 27 Mei, kwa kuhofia mlipuko mwingine, mamlaka za mkoa ziliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Watu wapatao laki nne waliondoka, wengine kuelekea Sake, wengine Rwanda, wengine kwa mashua hadi Bukavu. Virago vilifungwa kweli: magodoro, masufuria, mikeka. Vilifungwa si kwa kurudi nyumbani bali kwa kuiacha nyumba. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, wakimbizi wa ndani waliokuwa kambini pembezoni mwa Goma walilazimika kufunga tena, na wengi wao hawakuwa na hakika kama walikoambiwa warudi palikuwa bado na nyumba.

Tofauti hii inaonekana hata katika vitenzi. Mtoano unatokana na kutoana: kila upande una uwezo wa kumtoa mwenzake, sheria zinajulikana, na filimbi ina mwenyewe. Anayehamishwa na lava au bunduki hatoani na mtu, hutolewa tu. Kitenzi kuaga, ambacho watangazaji hukitumia pia, humwachia mshindwa heshima ya kuondoka kwa hiari yake, ingawa nacho kina kivuli chake, kwa kuwa kuaga dunia ni kufa. Hakuna neno la kuondoka lisilo na uzito. Suala ni nani anayeubeba.

4.0 Je, Sitiari Hii Imekufa?

Huenda ikadaiwa kuwa kufungasha virago ni sitiari mfu, kwamba msikilizaji hafikirii mkeka wala kambi, na kwamba kuichambua ni kuipa uzito isiokuwa nao. Hoja hii ina nguvu Dar es Salaam, ambako kirago kimeondoka katika maisha ya kila siku. Lakini sitiari hufa pale kitu inachokitaja kinapotoweka machoni pa wasemaji. Mahali ambapo kitu hicho kingali mlangoni, sitiari haiwezi kuitwa mfu. Inasinzia tu, na huamshwa na tukio. Kwa hiyo uhai wa sitiari si sifa ya lugha nzima. Hutofautiana kati ya mahali na mahali.

Hayo yanahusu pia kombora kwa maana ya shuti kali, na ngome kwa maana ya safu ya ulinzi. Haifai, hata hivyo, kuharakisha kuhukumu kwamba maneno hayo yafutwe. Mchezo ni mahali ambapo jamii huruhusu maneno makali yasemwe bila madhara, na wakazi wa Goma wana haki ya mzaha huo sawa na wengine. Kuwafanyia usafi wa lugha kwa niaba yao kungekuwa namna nyingine ya kuwatoa mchezoni.

5.0 Hitimisho

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za taifa. Hata hivyo kipimo cha maana za maneno kingali kinatoka pwani. Mwanafunzi wa Goma akiandika kuwa familia yake ilifungasha virago, asisahihishwe kwa madai kwamba huo ni msemo wa michezo. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na maana ya kwanza. Kamusi nazo zingefanya vema kuonyesha maelekeo yote matatu: kuendelea na safari, kurudi nyumbani, na kuondolewa nyumbani. Mtangazaji aendelee kulitumia neno lake. Ila ajue kwamba miongoni mwa wanaomsikiliza wamo waliokwisha kulitenda kabla hajalitamka.