Wimbo wa Kukopa: Bendi za Roki za Uingereza na Swali la Deni

Wapenzi wa muziki wa roki wa Uingereza wa miaka ya 1960 wanapokutana, ubishi wao huanza na daraja: nani mkubwa, The Beatles au The Rolling Stones; nani aliyeacha nyayo ndefu zaidi, Led Zeppelin au The Who. Ubishi wa namna hiyo hauna mwisho kwa sababu hauna kipimo. Lipo swali jingine gumu zaidi, ambalo wahakiki wengi hulipita kando: bendi hizo zinazosifiwa kwa kuuathiri ulimwengu, zenyewe ziliathiriwa na nani, na huyo aliyeziathiri alipata nini?

Asili haikufichwa. Mnamo Oktoba 1961 Mick Jagger na Keith Richards walikutana kwenye stesheni ya reli ya Dartford, karibu na London, Jagger akiwa na santuri za Chuck Berry na Muddy Waters mikononi. Bendi iliyozaliwa mwaka uliofuata ilijipatia jina kutoka katika wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Mwezi Juni 1964 vijana hao walikwenda Chicago kurekodi katika studio ya kampuni ya Chess, kwenye South Michigan Avenue namba 2120, wakaifanya anwani hiyo kuwa jina la kipande kimojawapo cha ala tupu. Mtu anayetaka kuiba haandiki anwani ya nyumba aliyoingia.

Kutokana na hayo, watetezi wa bendi hizo hujenga hoja ambayo kwa mwanaisimu ina mvuto mkubwa. Husema kwamba bluzi ni mali ya jamii, kama methali na ngano. Kila mwimbaji huchukua alichokikuta na kuongeza chake. Utamaduni, husema, hukopa kama lugha inavyokopa. Kiswahili kilichukua *kitabu* kutoka Kiarabu, kikakiingiza katika ngeli yake na kusema *vitabu*. Kilichukua *meza* kutoka Kireno. Wala hakuna Mwarabu au Mreno aliyekuja kudai fidia. Kwa nini basi mwanamuziki wa London adaiwe?

Mfano huo ni mzuri, lakini unapotosha. Neno *meza* halina mtungaji anayejulikana kwa jina, wala halikuandikishwa na mtu yeyote, wala halina watoto wanaosubiri mirabaha. Wimbo "You Need Love" unaye mtunzi. Ni Willie Dixon, aliyezaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1915. Mpiga besi, mtunzi na msimamizi wa kurekodi katika kampuni ya Chess. Muddy Waters aliuimba wimbo huo katika santuri ya mwaka 1962. Mwaka 1969 Led Zeppelin walifungua santuri yao kubwa ya pili kwa "Whole Lotta Love". Maneno mengi ya wimbo huo yalifanana mno na yale ya Dixon, lakini kwenye kibandiko yaliandikwa majina ya wanabendi wanne peke yao. Dixon alifungua kesi mwaka 1985. Mwaka 1987 wakapatana nje ya mahakama.

Hapa mhakiki asikimbilie kulaani kabla hajasikiliza. Akiziweka santuri hizo mbili pamoja, atagundua kwamba ule mchoro wa gitaa unaorudiwarudiwa, ambao ndio uti wa mgongo wa "Whole Lotta Love", haumo kwa Muddy Waters. Ni kazi ya Jimmy Page. Haimo pia ile sehemu ya katikati, ambapo sauti za theremin na za mwimbaji zinahama kutoka spika moja hadi nyingine, jambo lililofanywa kwa ustadi mkubwa wa studio. Kilichokopwa kimo kinywani mwa mwimbaji, Robert Plant, wala si katika vidole vya mpiga gitaa. Aidha, bendi nyingine ya Waingereza, Small Faces, ilikwisha kuimba wimbo unaofanana nao mwaka 1966, na namna Plant anavyopasua sauti inakumbusha sana namna ya Steve Marriott wa bendi hiyo. Kwa hiyo mkopo ulipita katika mikono miwili, na mikono yote miwili ilisahau jina.

Lakini je, ilisahau kweli? Santuri kubwa ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyotoka mwezi Januari wa mwaka huohuo wa 1969, ina nyimbo mbili, "You Shook Me" na "I Can't Quit You Baby", ambazo kibandiko chake kinamtaja Dixon. Jina lililojulikana mwezi Januari haliwezi kuwa fumbo mwezi Oktoba. Hoja ya mali ya jamii inavunjika hapohapo, na haivunjwi na wapinzani wa bendi, bali na vibandiko vya bendi yenyewe.

Isidhaniwe kwamba kila mfanano ni deni. Kesi ya "Stairway to Heaven", iliyoletwa mwaka 2014 kwa niaba ya urithi wa mpiga gitaa wa bendi ya Marekani iitwayo Spirit, iliishia kwa ushindi wa Led Zeppelin: baraza la wazee wa mahakama liliamua hivyo mwaka 2016, na mahakama ya rufani ikalithibitisha mwaka 2020. Mshuko ule wa noti, nusu hatua baada ya nusu hatua, ulikuwepo katika muziki kwa karne kadhaa. Huo ndio unaofanana na neno *meza*. Wimbo wa Dixon haufanani nalo.

Mfano wa tatu uko katikati. "When the Levee Breaks", ya mwaka 1971, inatokana na wimbo uliorekodiwa mwaka 1929 na Kansas Joe McCoy pamoja na Memphis Minnie, juu ya gharika ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Safari hii kibandiko kilimtaja Memphis Minnie pamoja na wanabendi. Ni hatua njema, ingawa McCoy, ambaye ndiye anayesikika akiimba katika santuri ya 1929, hakutajwa. Ngoma za John Bonham, zilizorekodiwa chini ya ngazi za nyumba kubwa ya mashambani ili mwangwi wake uzijaze, ni mchango wa Waingereza usiopingika. Kumtaja mwanamke huyo hakukuzipunguzia uzito hata kidogo.

Kuna ukopaji mwingine usiofikishwa mahakamani, nao ni wa matamshi. Mwanaisimu Mwingereza Peter Trudgill, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1983, alichunguza jinsi waimbaji wa nchi yake walivyotamka Kiingereza katika nyimbo. Kusini mwa Uingereza, r inayofuata irabu haitamkwi isipokuwa irabu nyingine ije baada yake. Wamarekani wengi huitamka. Waimbaji hao waliitamka ili wasikike kama Wamarekani, na mara nyingine wakaitia mahali ambapo Mmarekani mwenyewe asingeitia. Kichekesho ni kwamba Weusi wa kusini mwa Marekani, ambao ndio walioanzisha bluzi, kwa kawaida huiacha r hiyo. Muigaji alimpita aliyeigwa na kuangukia kwa jirani! Trudgill alionyesha pia kwamba r hiyo ilipungua katika nyimbo za The Beatles kadiri miaka ya 1960 ilivyosonga. Ndiyo miaka ambayo walianza kuimba juu ya kwao: "Penny Lane", ya 1967, inataja mtaa wa Liverpool. Huenda hapo ndipo urithi wao ulio wao hasa unapoanza, pale walipoacha kuazima kinywa.

Ama kuhusu The Rolling Stones, hukumu moja haiwatoshi. Mwezi Desemba 1964 walifikisha "Little Red Rooster", wimbo wa Dixon uliotajwa kuwa wake, kwenye nafasi ya kwanza Uingereza. Mwaka 1965 walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Marekani, walisisitiza Howlin' Wolf naye aalikwe, wakaketi chini kumtazama akiimba. Bendi hiyohiyo, mwaka 1969, ilitoa "Love in Vain" ya Robert Johnson bila jina lake, na haki za wimbo huo zilikuwa bado zinagombaniwa mbele ya mahakama ya rufani mwaka 2000. Johnson alikuwa amekufa tangu 1938. Heshima ya jukwaani ilikuja upesi. Ile ya kwenye karatasi ilichelewa.

Dixon alifariki mwaka 1992. Nyumba ya South Michigan Avenue namba 2120 sasa ni makao ya Blues Heaven Foundation, shirika aliloliasisi yeye mwenyewe ili wanamuziki wa bluzi wasaidiwe kudai haki zao. Na katika matoleo ya baadaye ya "Whole Lotta Love", jina lake linasomeka pamoja na yale majina manne.